Mkwe Asiye na Salamu

Jumapili, 9 Juni

Basi limeharibika, tumekaa kando ya barabara mchana kutwa. Abiria wenzangu wanalalamika, mimi nashukuru ni Jumapili. Ingekuwa siku ya kazi ningekuwa nimeshaumbuka. Kilaptopu kimo mkobani. Ni kidogo, hata kwenye kapu la sokoni kinaingia, na hiyo ndiyo sifa yake pekee. Betri ilikufa zamani. Ukichomoa waya tu, nacho kinakata roho.

Begini nina nguo tatu na pazia la sebuleni kwangu. Ndiyo, pazia! Lile la maua ya manjano. Jirani wa kiti aliliona nilipokuwa natafuta kanga, akauliza kama nahama. Nikamwambia nahama kidogo.

Ukweli ni huu: ofisi inaturuhusu kufanyia kazi nyumbani, na nyumbani tu, kwenye anwani tuliyoandikisha. Siri za wateja, wanasema. Mwenzetu mmoja alifukuzwa mwezi uliopita — tangazo la kituo cha treni lilisikika nyuma yake. Bado niko kwenye majaribio, na likizo niliimaliza mama alipoanguka akapasuliwa nyonga. Sasa anatoka hospitali, na wa kumpokea ni mimi. Kaka yuko mbali. Yeye hutoa ushauri.

Kwa hiyo nyumba yangu nimeikunja nikaitia begini.

Jumatatu, 10 Juni

Gesti, karibu na hospitali. Soketi iko nyuma ya kitanda. Nimesukuma kitanda, nimetundika pazia kwenye mlango wa kabati, nimekaa sakafuni, kilaptopu juu ya begi. Kwenye kamera ni mwanamke mwenye sebule yake. Msimamizi akasema nyumba yangu ina utulivu wa kupigiwa mfano. Tunamwita Tabasamu, maana hutuamuru kutabasamu hata tunapoandika, eti mteja anahisi. Hapohapo mfagizi akagonga mlango! Nikakohoa kufunika kelele mpaka koo likaniwasha.

Kazi yenyewe: kuwajibu kwa maandishi watu ambao mizigo yao imepotea safarini. Kutwa nzima pole kwa usumbufu, pole kwa usumbufu. Nikiacha vitufe kidogo tu, taa yangu ya kijani kwenye skrini inageuka njano, na Tabasamu anaiona. Chooni nimekwenda mbio kama mwizi.

Jumanne, 11 Juni

Mama ametoka. Ofisini nimesema nang'oa jino. Kesho nikumbuke kuvimba shavu.

Amekonda, ila ulimi haujakonda. Aliniona na kilaptopu kwapani kutoka wodini mpaka kwenye teksi, akauliza huyo ninayembeba hivyo ni nani. Nikasema kazi. Akasema hapana, huyo ni mkwe. Miaka yote ananidai mkwe, sasa nimemletea. Mwembamba, na hana hata salamu.

Mtaalamu wa viungo ametupa fremu ya chuma ya kutembelea. Asubuhi na jioni mama asimame, atembee, na mtu awe amemshika. Akianguka tena, alisema, habari ya kutembea tusahau. Aliniangalia mimi, si mama. Nikaapa.

Jumatano, 12 Juni

Nyumba ya mama ina soketi nzima moja tu, sebuleni, pale mlango unapoingia kwenye ujia wa chumbani kwake. Hakuna namna: nikikaa hapo, mlango uko mgongoni. Nimepiga misumari miwili, nimefunga kamba ya kuanikia nguo, nimetundika pazia. Chumba, choo na mama vyote viko nyuma yake.

Akaita kutoka kitandani, akauliza kama nimemweka ndani kama mwali. Nikasema ni mpaka jioni tu. Zoezi la asubuhi tulikuwa tumelikosa. Jioni Tabasamu akaitisha kikao, tukalikosa na hilo.

Ijumaa, 14 Juni

Mama jirani alikuja kumjulia hali mgonjwa. Nikamwonyesha kwa mikono azungukie mlango wa uani. Kama bubu! Alizunguka, lakini nilimsikia akimwambia mama kwamba mjini watoto huharibika.

Nina tabia ya kusoma kwa sauti ninachoandika. Mama anasikia kila kitu kule nyuma ya pazia.

"Unampa nani pole kutwa nzima?"

"Mtu aliyepoteza begi, mama."

"Na mimi niliyepoteza nyonga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikarudi kwa mtu wa begi.

Jumapili, 16 Juni

Siku njema! Mkwe nimemfunika kitambaa. Pazia nimelishusha, upepo umeingia mpaka chumbani. Mama ametembea kutoka kitandani hadi mlango wa mbele, mimi nimemshika kiuno. Fremu inagonga sakafu, tok, tok. Akasema tunasikika kama mbuzi aliyevaa viatu. Tulicheka mpaka ikabidi tusimame. Tukakaa juani. Akasema nikimshika haogopi kitu. Nilitaka kulia, nikajidai nimeingiwa na vumbi.

Kaka amepiga simu. Eti mshika mawili moja humponyoka. Nikamwambia basi njoo ushike moja. Simu ikakatika — mtandao, bila shaka.

Jumatatu, 17 Juni

Sitaki kuandika hili. Naandika.

Mchana mama aliniita. Nilikuwa na mteja mkali, begi lake lina dawa zake. Nikasema nakuja. Akaita tena. Nikasema nakuja. Mara ya tatu hakuita kwa nguvu. Nilipomaliza na mteja nikaenda — alikuwa ameshajikojolea. Mama yangu! Aligeuza uso ukutani. Nilimbadilisha nguo, nikamwosha, na badala ya kuomba radhi nikafoka kwamba bila huyo mkwe sisi tutakula nini.

"Sijasema kitu, mwanangu."

Na kweli hakuwa amesema kitu. Niliporudi kitini taa ilikuwa njano. Tabasamu ameshaandika: uko wapi?

Niko wapi. Hata mimi ningependa kujua.

Jumanne, 18 Juni

Tabasamu ametangaza: kesho asubuhi kikao, atasoma majina ya wanaothibitishwa kazini. Asiyekuwepo kwenye kamera asijihesabu. Nikithibitishwa naweza kuomba ruhusa kwa haki, niwe na mama bila kujificha. Nilimwomba mama jirani aje kukaa naye. Akasema hana nafasi, na kwamba milango ya uani imemchosha. Nimestahili.

Nikamweleza mama. Akaniombea wepesi. Kisha akauliza taratibu kama mkwe atakubali siku moja alale peke yake.

Jumatano, 19 Juni

Nimemwogesha mapema, nimemnywesha chai, nimemlaza. Zoezi baada ya kikao, nimemwahidi. Akanipapasa shavu. Akasema leo hatanisumbua, sitamsikia hata kidogo.

Kikao kimeanza. Naandika humu kamera ikiniangalia. Tabasamu anadhani nanukuu maneno yake, amenisifu mbele ya wote. Kipaza sauti changu kimefungwa. Bado hajafika kwenye majina. Anaeleza tabasamu.

Kitu kimelia nyuma. Kitanda.

Tok.

Hapana. Fremu nimeiacha karibu na kitanda. Mjinga mimi!

Tok. Kimya. Tok. Anatembea. Peke yake. Nimemwita bila kufungua meno: mama, kaa. Hajasikia, au amesikia. Nikigeuka wataniona nimegeuka. Nikiinuka wataona mlango, ujia, ukuta usio wangu.

Majina yameanza. La kwanza si langu. Tok. La pili si langu. Yuko kwenye ujia sasa, namsikia anavyohema. Rudi, mama. Lakini hawezi kurudi, kugeuka na fremu bado hatujajifunza.

Jina langu! Limesomwa! Wanapiga makofi, vichwa vyote kwenye vile visanduku vinacheka. Tabasamu amenifungulia kipaza sauti mwenyewe, anataka niseme neno. Eti waige utulivu wa nyumba yangu.

Pazia limenigusa kisogo. Fremu imeanguka. Amelishika pazia. Misumari miwili na kamba ya kuanikia nguo.

Ananong'ona, ili asinisumbue:

"Mwanangu, nimefika. Nishike."

Wote wamenyamaza, wananisubiri. Maua ya manjano yanashuka taratibu begani kwangu. Msumari wa kushoto unatoka. Na mimi bado naandika