Viungo Watatu wa Kinu

Baba,

Nimemtoa kipa wako. Nakwambia mapema ili kama ni kukasirika ukasirike sasa, tuendelee na mengine. Yule mtu amekuwa akidaka hewa tangu mwaka jana, na wewe ulimtetea tu kwa sababu alinunua viatu kwako bila kuvutana bei.

Lakini viungo wako watatu wa klabu ya Kinu ninao, wote. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kukuletea.

Majirani bado wananiuliza mchezo wenu ulikuwa wa namna gani. Nawaambia mlikuwa wazee wenye timu za kichwani. Kila mmoja anachagua wachezaji wa ligi, huyu wa klabu hii, yule wa klabu ile, na wakifunga au wakitoa pasi ya goli kiwanjani, pointi zinakuja kwake. Wananiangalia kama nimepotewa. Mama akisikia anacheka, na siku hizi Mama akicheka mimi hunyamaza nimsikilize.

Baada ya arubaini yako walikuja hapa Majengo, Njoroge wa duka la misumari kule Ruiru na Mutiso kinyozi wa Witeithie. Walileta sukari na majani ya chai, wakampa Mama pole upya. Kisha Njoroge akakohoa, na unajua anavyokohoa akitaka kitu. Akasema timu ya Salim haina mwenyewe tena. Kwa vile mlikubaliana mchezaji mmoja asiwe na wenyewe wawili, ni vizuri wako wagawanywe kabla ligi haijaisha. Mutiso angemchukua Wafula. Njoroge alimtaka Ochieng. Kimani hakuna aliyemtaka, eti amezeeka.

Nilikasirika, Baba. Walikuwa na adabu zote, hata sauti walishusha, lakini ndala zako zilikuwa bado mlangoni na wao wanagawa watu wako kama mirathi. Nikawaambia timu ina mwenyewe, ni mimi. Mutiso akaangalia kikombe chake.

"Mama Amina," Njoroge akaniambia, "hii mchezo ni ya wazee."

Nikamuuliza ni nani aliyekuwa akienda kiwanjani wakati wewe hutoki kitandani. Nani alikuletea mechi nzima pale dirishani, akasimulia mpaka koo likakauka? Nilikuwa nikianza na goli, unanikatiza. "Wachana na aliyefunga. Nani alimpa?" Nikajifunza kuangalia mpira kutoka wavuni kurudi nyuma, mguu kwa mguu, mpaka ulikoanzia. Sijui mzee mwingine hapa Thika aliyefundishwa hivyo.

Mutiso akasema kuchukua viungo watatu wa klabu moja ni ujinga uliokuwa wako peke yako, maana Kinu ikilala timu yote inalala. Na kweli Kinu ilikuwa imelala wiki kadhaa. Nikawajibu vile ulivyokuwa ukimjibu mtu aliyetaka kununua kiatu kimoja pale kwenye meza yako ya mitumba. Hawa ni jozi, nikasema, jozi ya watu watatu. Njoroge akasema hata wakigawanywa, kiwanjani watacheza pamoja tu. Nikamwambia sawa, pasi ya goli itatoka kwa mmoja wao, lakini hakuna anayejua ni yupi. Mwenye wote watatu hana haja ya kujua.

Tukakubaliana hivi: Jumamosi Kinu inacheza Ruiru. Viungo wako wasipofunga wala kutoa pasi ya goli, watagawanywa palepale na mimi nirudi nyumbani bila maneno.

Nilienda. Mutiso hakuweza kuacha vichwa vya Jumamosi, kwa hivyo tulikuwa mimi na Njoroge tu, nyuma ya goli. Ndipo nikakumbuka ile sheria yako, kwamba pasi haihesabiwi kwa neno la mwenye mchezaji, lazima mwenzake wa mchezo aishuhudie. Baba, uliniachia shahidi mmoja, na ndiye huyo aliyemtaka Ochieng.

Mechi ilikuwa mbaya. Ochieng alipotea kabisa, Wafula alibebwa nje akichechemea. Nilishaanza kuwaza nitamwambia nini Mama. Halafu karibu na mwisho Karanja akafunga, yule mshambuliaji wa Kinu aliye kwenye timu ya Njoroge mwenyewe, na Njoroge akaruka hadi kofia ikaanguka. Mimi sikuangalia wavu. Niliangalia nyuma, nikamwona Kimani. Alikuwa ameteleza akipokonya mpira, na akiwa hapo chini aliusukuma kwa ncha ya kiatu ukapita katikati ya watu wawili. Vumbi lilikuwa jingi. Waliouona sidhani walikuwa wengi.

Nikanyamaza, maana sheria ni sheria. Njoroge akaokota kofia, akaikung'uta muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo. Angeweza kusema mpira ulimgonga difenda, na nani angembishia? Akaangalia pale Kimani alipokuwa bado ameketi akisugua goti.

"Nani alimpa?" akauliza polepole. "Kimani," akasema mwenyewe. "Hiyo ni ya Salim."

Nililia, Baba, pale pale mbele ya watu wa Ruiru, nao wakadhani ni uchungu wa kufungwa. Njoroge alisimama kando yangu akiangalia mpira mpaka nilipomaliza.

Tulimaliza ligi wa pili, nyuma yake, na anaringa hadi leo. Mwache aringe. Jumamosi hii wanakuja hapa kuchagua upya, na Mutiso ameuliza kama kutakuwa na mahamri. Redio yako ya betri bado inakoroma lakini inasema.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi viungo watatu, klabu moja, mzee asiyetakiwa na mtu akiwemo. Na kila mtu atakayekuja mlangoni kunipigia kelele za goli, nitamuuliza lile swali lako.

Zuhura wako