Nani Alimfunga Mbwa

Roza! Mjukuu wangu Evelina ameniuliza habari za mbwa!

Mbwa yule wa Mkuyuni, mwaka tisini na tano, aliyekuwa hamruhusu mtu kumgusa mama yake Evelina. Wewe unajua. Mwanangu Nkwabi alimfunga kwanza kwenye mpapai, mchana kweupe, ndipo akaenda kunywa gongo. Jioni akarudi akampiga mkewe mpaka akafa.

Na mimi mahakamani nilisema nini? "Mwanangu alilewa, hakujijua." Wakamhukumu kwa kuua bila kukusudia. Habari za mbwa hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Leo Evelina anachambua mchele, wala haniangalii. "Bibi, siku ile nilimsikia mbwa analia kwenye kamba. Nani alimfunga?"

Roza, baba yake amekaa hapo hapo, anakunywa chai! Kikombe hakikufika mdomoni.

Nikasema, "Ni mimi, mjukuu wangu. Alikuwa anakula mayai."

"Sawa, Bibi," akasema. Nikadhani yameisha.

Ndipo Nkwabi akasema polepole, "Asante, mama."

Asante! Asante ya nini, Roza, mbele ya mtoto?

Evelina ameweka ungo chini, ametoka. Mchele hajamaliza.