Karibu ya Shangazi Bhoke

Jumatatu, 2 Machi
Nimemenya mihogo. Nimepaka dawa kwenye kovu la shingo. Miezi mitano tangu Kelvin aning'ate kule Sirari. Mnyonya damu haingii mpaka akaribishwe, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilisema karibu. Tangu hapo neno hilo halinitoki. Chacha akipiga hodi natazama chini tu. Chacha ni kibwengo wa mtoni, ana mabawa, ndiye ananiletea dawa. Anaiacha kizingitini anaondoka. Namwonea huruma. Najionea zaidi.

Jumatano, 4 Machi
Kelvin kaonekana sokoni Nyarero, chini ya mwavuli. Ananiulizia. Tatizo ni Shangazi Bhoke, mwenye nyumba. Anakaribisha kila kitu. Jana kamkaribisha mbuzi wa jirani.

Alhamisi, 5 Machi
Mazoezi ya kutosema karibu. Mimi nje, Shangazi ndani. Hodi kumi na moja. Karibu kumi na moja. Anasema mgeni haachwi mlangoni ugali ukiwa mezani, watu watasema Bhoke mchoyo. Nimelia. Kaniongezea ugali.

Jumamosi, 7 Machi
Amekuja. Saa nane mchana, mvua, jua hakuna.

"Hodi!"

Shangazi, ugali mdomoni: "Karibu!"

Nikajua nimekwisha. Kelvin kaingia na viatu vya matope, kakalia kiti cha Shangazi. Shangazi anangoja shikamoo. Kelvin naye anangoja yake, maana ana miaka mia tatu. Mwishowe akasema, "Niaje, mathe."

Sijawahi kumwona Shangazi akiinuka haraka vile, na magoti yake yale.

"Mtoto gani huyu hana salamu? Karibu yangu nairudisha. Toka!"

Kelvin akatoka kinyumenyume, miguu haigusi chini, mpaka zizini kwa ng'ombe. Hapo mvua ikakatika, jua likawaka. Tumeokota mwavuli tu.

Kumbe karibu hurudishwa. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Jumapili, 8 Machi
Nimelala mpaka saa tatu. Shangazi kaenda kanisani na mwavuli mpya.

Jumatatu, 9 Machi
Nimemenya mihogo. Chacha kapiga hodi. Kamwamkia Shangazi akiwa hukohuko nje, shikamoo, marahaba. Shangazi akafunga mdomo, akanitazama mimi. Nikasema karibu. Kwa sauti ndogo, lakini nimesema. Chacha akavua viatu, akaingia. Tumekula mihogo.