Milima ya Wanjiru

Jumapili, usiku

Na kumbe mwenyewe hajawahi kuikanyaga hiyo milima.

Baada ya kanisa nilimpigia Wanjiru, mdogo wangu, kumwambia nimeamua: tunahama Minnesota, tunamfuata Colorado. Amekuwa akinitumia picha za milima yenye theluji, nami nikiziangalia naona kwetu Nanyuki asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Hapa Brooklyn Park tunapokaa ni tambarare tupu. Mume wangu Mwangi anasema huku Minnesota angalau tutaweza kununua nyumba, kule Lakeville. Hilo "angalau" limeniudhi wiki nzima.

Nikamuuliza Wanjiru huwa anaenda milimani lini.

"Dada, mimi huiona nikitoka kazini, pale pakingi. Kodi ya nyumba huku inataka shifti mbili. Nikipata ofu nalala tu."

"Na zile picha?"

"Nazipigia hapo hapo."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Sauti yake ilikuwa imechoka sana.

Jioni nikamwambia Mwangi basi tukaangalie nyumba kule Lakeville. Hakujigamba. Alichukua funguo za gari akasema leo twende ziwani kwanza na watoto, maana tunapita hapo kila siku na hatujawahi kusimama. Tulikaa kwenye nyasi mpaka mbu wakatufukuza.

Ziwa ni zuri, siwezi kukataa. Lakini si mlima, na hilo nilimwambia tukirudi.

Akasema anajua. Hata yeye anaukumbuka ule wa Nanyuki.