Mstari wa Kiwalani

Baba,

Shikamoo. Najua leo hakuna marahaba, lakini siwezi kuanza vingine, ndivyo ulivyonilea.

Arobaini yako imepita salama. Watu walikula wakashiba, shangazi akagombana na wapishi kama kawaida yake. Mama amehamia chumba cha mbele. Koti lako bado liko msumarini, hakuna anayethubutu kuligusa.

Mie nimerudi kwenye utafiti wangu. Unakumbuka ulivyokuwa unanisindikiza Kiwalani kupima nguvu ya mtandao wa simu, mie na kompyuta na antena, wewe na mwavuli? Ulisema, "Mwanangu, huku usitembee na vitu vya watu peke yako, watakuvua mpaka viatu." Kisha unakwenda kusimama kati ya antena yangu na mnara wa simu, ati unikinge jua. Nilikuwaga nakugombeza. "Baba, mwili wa mtu unameza mawimbi, unaniharibia vipimo." Na wewe, "Acha niyameze, leo sijanywa chai." Unasogea hatua mbili, dakika haijaisha umesharudi.

Sasa navichambua vile vipimo, na wewe umo. Mstari wa nguvu ya mtandao ukishuka kwenye kioo cha kompyuta, ni wewe umesimama mbele ya antena. Hapa umekwenda kumsalimia mama muuza mihogo, mstari unapanda. Hapa umerudi, unashuka. Hapa ulibishana mpira na vijana wa bodaboda, mstari umekaa juu muda mrefu kweli. Nasoma namba na nakusikia unakohoa nyuma yangu. Juzi nilizima kompyuta nikatoka uani nikakaa na kuku.

Ila kuna faili la siku ya mwisho. Mstari umeshuka mwanzoni kabisa, na haukupanda tena. Hukwenda popote. Muuza mihogo alikuita, nakumbuka, ukainua mkono tu. Ukasema, "Mwanangu, leo miguu mizito, twende tukapumzike." Nikakujibu bila hata kuinua macho, "Ngoja nimalize hapa." Ukangoja, Baba. Saa nzima, na mwavuli mkononi. Wiki ile ile ukalazwa, na hukurudi nyumbani.

Msimamizi wangu pale chuoni kauona huo mstari. Akauliza nini kiliziba mawimbi siku ile. Nikamwambia kuna lori liliegeshwa. Akasema sawa, liandike kwenye maelezo, halafu vipimo vya siku hiyo vifute. Nimeliandika. Kuvifuta ndiyo nimeshindwa, kila nikisogeza kidole naona kama nakufukia mara ya pili. Na tangu niseme ule uongo, nikifumba macho tu nakuona umesimama juani, unaningoja.

Nisamehe. Sikuwa na haraka yoyote, hilo ndilo linaloniuma. Vipimo vile vingesubiri hata kesho yake.

Lala, baba yangu, ipumzishe hiyo miguu. Mama nitamtunza, usiwe na wasiwasi naye. Na Jumatatu asubuhi, nakuahidi, nakwenda kwa msimamizi kulitoa lile lori. Nitamwambia pale alisimama baba yangu, alikuwa anaumwa, na mie sikumwangalia.

Binti yako,
Zuhura