Miaka Uliyomwongezea Mama

Mjomba Wafula, habari za huko?

Nakuandikia kwa sababu kwa simu husikii vizuri. Tuko Kawangware, mvua haiachi kunyesha, na Mama anajikuna mchana kutwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa mirija ya nyongo kwenye ini. Macho bado ni ya manjano. Jana alikula nusu chapati na madondo, nusu akaniachia.

Leo daktari alikuwa anapiga hesabu kwenye kompyuta, kukadiria Mama amebakisha miaka mingapi. Aliingiza majibu ya damu, akabonyeza miguu kuona kama imejaa maji, kisha akachukua kitambulisho aone umri. Mama akamzuia.

"Daktari, hiyo ni miaka ya chifu. Kaka yangu alinipeleka akaniongezea, ndiyo nipate kitambulisho haraka niandikwe kazi kwa majani chai."

Daktari akaacha kuandika. "Aliongeza mingapi?"

"Muulize yeye."

Daktari alisema damu ndiyo inaamua zaidi, lakini umri pia unaingia kwenye hesabu, na mgonjwa mwenye umri mdogo hupewa muda mrefu kidogo. Tukirudi mwezi ujao tuwe na umri wa kweli.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama ng'ombe amezaa. Tuandikie, Mjomba. Na kama umesahau uliongeza mingapi, taja mingi.

Nasimiyu