Kishungi Kipajini

Alhamisi, Mfungo Mosi

Nacheka peke yangu, na alasiri nililia!

Nilikata nywele za mbele, nikazizungusha kishungi kipajini na kuzigandisha kwa ute wa uwatu, kama yule mwanamke wa sinema kwenye kalenda ya dukani. Nikajiona, kweli. Kitoto changu Zena aliponiona akapiga ukelele, akajificha kwenye leso ya mavyaa, mamake mume wangu. Nikampa ziwa anyonye, nalo akalikataa. Machozi yakanitoka. Mwanangu asinijue kwa ajili ya urembo?

"Nikazioshe, mama?" nikamuuliza mavyaa.

"Ya nini! Mwana hamjui mamake kwa nywele, amjua kwa harufu. Leo hukuvaa kikuba, na huo uwatu wanuka mtuzi wa samaki."

Akanichomeka kikuba cha asumini kifuani, kama nivaavyo kila siku. Zena akanusa, akaja akitambaa, akanyonya. Mkono mmoja ukawa unakivuta kishungi mpaka kikafunguka, kikaning'inia jichoni. Ngoma za harusi niliyoalikwa zilishaanza, nikaenda vivyo hivyo.

Huko wanawake wakanizunguka. "Bi Mwanaesha, nani kakutengeneza nywele hizo? Nasi tumwendee!"

Nikawaambia fundi nimemwacha nyumbani amelala, na ana meno mawili tu.